Kigari Chekundu cha Kinyozi

4 Februari

Baba,

Shikamoo. Barua hii nampa kondakta wa basi la asubuhi, na nimemwambia akupe mkononi, asimwachie muuza magazeti kama ile iliyopita, uliyoipata ikiwa na alama ya kikombe cha chai. Ningepiga simu, lakini wewe na simu siku hizi hamsemezani, na mimi na wewe tukiwa kwenye simu hugombana. Kwenye barua tunagombana kwa adabu.

Nina jambo. Kampuni inaunda kikosi cha dharura. Kazi yangu unaijua: mtu akikwama ndani ya lifti kati ya ghorofa na ghorofa, mimi ndiye ninayeitwa. Sasa wanataka mafundi wenye magari yao, wafike kabla aliyekwama hajaanza kuwaaga ndugu zake. Wanaume wawili wameshaomba. Bosi akaniuliza mbele ya watu, "Na wewe utafika na nini, viatu?" Wakacheka sana.

Baba, gari nimeliona, na liko huko kwenu. Hachibeki ndogo, milango mitano, gia za mkono, injini ya turbo. Ukiliangalia unadhani ni la mwalimu mkuu anayekaribia kustaafu. Ukikanyaga mafuta linakubandika kwenye kiti. Anayeliuza ni kinyozi, duka lake liko nyuma ya posta. Picha alizonitumia ni za usiku, kawasha taa za rangirangi kama ukumbi wa dansi, sioni mbele wala nyuma.

Naomba ulitazame. Nimwamini nani mwingine? Umefundisha nusu ya mji kuendesha. Ukisema ndiyo, nalinunua siku hiyohiyo. Ukisema hapana, sitauliza kwa nini. Ni akiba yangu yote, na unajua nilivyochelewa kuianza. Miaka ile ya kumuuguza mama sijutii, usiniandikie tena kuhusu hilo. Ila hiki ni kitu cha kwanza ninachokitaka kwa ajili yangu mwenyewe.

Mchumba wangu anakusalimu. Anasema akikaa kiti cha mbele atafunga mikanda miwili.

Mwanao


9 Februari

Mama,

(Wewe mdogo, maana mkubwa ameshapumzika na hawezi tena kuninunia.) Marahaba. Barua imefika bila chai.

Nilikwenda kwa kinyozi bila kumpa taarifa. Nilimkuta na wembe shingoni mwa mteja, na aliposikia nimekuja kwa ajili ya gari alinigeukia wembe ukiwa bado kazini. Yule mteja ameondoka na upande mmoja wa ndevu uliopungua kuliko mwenzake, na dhambi hiyo isiandikwe kwangu.

Uani nikaweka kiganja juu ya boneti. Moto. Nikamuuliza, "Limetoka wapi?"

"Halijatoka popote, mwalimu."

"Basi lina homa."

Akacheka, akanipigapiga bega. Wauza magari wote walizaliwa na mama mmoja: injini iliyokwisha pata moto haikohoi mbele ya wageni. Nikamwambia nitarudi kesho kabla hajafungua duka, na nikikuta boneti ina joto hata la paka aliyelala, basi.

Nikarudi. Baridi kama jiwe. Akawasha, nami nikafumba macho. Ndiyo, nilifumba, usinicheke. Injini husikilizwa macho yamefumbwa. Hakuna kugonga. Hakuna kutetemeka. Turbo inapiga mluzi mwembamba kama mtu mwenye siri nzuri. Oili nimeinusa na kuisugua vidoleni, haijaungua. Maji ya rejeta hayana mafuta. Klachi inashika chini kabisa. Bodi nimelipitishia kiganja kuanzia taa ya mbele hadi mlango wa buti, na ni laini, halina bonde wala kilima. Chini nimelala mwenyewe, na shati la Jumapili limekwenda na maji. Vyuma vikavu, hakuna kinachovuja. Rangi ni nyekundu, ya kiwandani.

Barabarani nilimwachia kinyozi usukani, nikakaa upande wa abiria, mahali nilipokaa maisha yangu yote. Mwalimu wa udereva hulijua gari kwa makalio. Nikamwambia, "Kanyaga." Mama wee! Nilisali sala ambazo sikujua kama bado ninazo. Mguu wangu ulitafuta breki ya mwalimu kwenye gari lisilo nayo, ukakandamiza zulia mpaka nikalionea huruma. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Nikawaza: mtoto wangu atafika na kitu hiki, na yule bosi atatafuta pa kuficha uso.

Nunua.

Habari nyingine ndogo: shuleni wamenipandisha cheo. Sasa nafundisha alama za barabarani darasani, na vijana ndio wanaotoka na magari. Nakaa kivulini na chaki yangu. Wanafunzi wananiheshimu zaidi kwa kuwa siwapigii tena kelele za "breki!", lakini jina limebaki.

Baba yako,
Mwalimu Breki


9 Februari

Dada,

Shikamoo. Umeniuliza mara mbili daktari wa macho alisemaje, nami mara mbili nimekujibu kuhusu hali ya hewa. Haya, sikia. Ni presha ya macho. Kilichokwisha hakirudi, na kilichobaki kinalindwa kwa matone asubuhi na jioni. Katikati naona vizuri kabisa: nasoma, naandika, ukinishikia sindano mbele ya pua nitakutungia uzi. Pembeni ndiko hakuna kitu. Naitazama dunia kupitia tundu la kitasa. Nikikuangalia usoni, mikono yako sijui iko wapi.

Na hiyo "kupandishwa cheo" niliyomwandikia mwanangu, nilijipandisha mwenyewe. Mwanafunzi alimkwepa mwendesha baiskeli, akaniuliza, "Mwalimu, leo mbona hukusema breki?" Baiskeli gani? Sikuwa nimeiona. Tulivyorudi nilikabidhi funguo kwa mwenye shule na kuomba chaki.

Mtoto asijue. Nakuomba, dada. Akijua tu, atakuwa kwenye basi kabla wino haujakauka. Alipokuwa na umri wa kuvaa viatu virefu na kurudi nyumbani amechelewa, alikuwa anamgeuza mama yake kitandani. Wenzake walimaliza vyuo, yeye alikuwa anafua mashuka. Sasa ana kazi, ana mchumba, ana watu wanaomwita awatoe ndani ya sanduku la chuma. Sitakuwa mgonjwa wake wa pili.

Leo nimemtazamia gari. Usianze. Ningekataa, ningetoa sababu gani? Na mafundi wote wa hapa ama niliwafundisha ama nakunywa nao kahawa. Nikimchukua mmoja ataniona napapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani, na kufikia jioni mji mzima utakuwa umenipa pole. Masikio yangu hayajambo. Gari lile ni zima, nina hakika.

Mdogo wako


15 Februari

Mdogo wangu,

Masikio! Nimeshona nguo za watu tangu wewe unatembea uchi, na sijawahi kukata kitambaa kwa masikio.

Mwandikie leo asilinunue bado. Sema mgongo ulikuuma ukashindwa kutazama vizuri, sema lolote, uongo hujawahi kuukosa. Halafu mwache apeleke fundi wa kwake.

Na hili la kumficha mimi silipendi. Unasema humtaki awe muuguzi wako. Umemuuliza? Unamwamulia kama alipokuwa mtoto wa kuvalishwa soksi. Lakini ni mwanao. Nimeahidi kunyamaza na nitanyamaza, mpaka nitakaposhindwa.

Dada yako,
Cherehani


6 Machi

Baba,

Gari nilishalilipia jioni ileile niliyopata barua yako. Ile nyingine ya "mgongo uliniuma, subiri kidogo" ilifika gari likiwa tayari getini kwangu.

Dereva aliyelileta alinipa funguo, akalizunguka, akaniuliza kama nimelinunua au nimepewa. Mbele ni jekundu la nyanya. Kuanzia milango ya nyuma ni jekundu la tofali. Si tofauti ya kutafuta kwa tochi, baba. Jirani wa ghorofa ya juu alichungulia dirishani akaita, "Eh, hilo gari limevaa suruali?"

Nikasema rangi si kitu, baba amelala chini yake mwenyewe. Nikawasha. Taa ya onyo ya mifuko ya hewa ikawaka, ya rangi ya chungwa, pembeni ya mshale wa mwendo, na haikuzimika. Nikasema ingekuwa muhimu baba angeitaja. Ndivyo nilivyokuwa nakuamini.

Jumamosi tuliliingiza barabara kuu. Kwenye kona ya kwanza ndefu, mbele ilikata kona na nyuma ikataka kwenda zake. Tulizunguka, nisijue mara ngapi, tukajibamiza kwenye ukuta wa mtaro upande wa abiria. Mimi ni mzima. Mchumba wangu amevunjika bega na mkono. Mifuko ya hewa haikufunguka, kwa sababu haimo.

Fundi alilinyanyua mbele yangu. Ni magari mawili. Nusu ya moja na nusu ya jingine, yameungwa kwa moto chini ya viti vya nyuma, mshono mnene kama kidole gumba, umepakwa lami nyeusi na kufunikwa zulia la gundi. Fundi akasema, "Aliyelitazama hakulitazama. Au alilipwa asilitazame." Mkono wa mchumba wangu ulikuwa kwenye bendeji. Aliniangalia tu. Nikamgombeza fundi wa watu mbele ya wateja wake.

Halafu nikampigia kinyozi. Unajua alisema nini? "Mbona mimi na mzee tulielewana? Aliona kila kitu, muulize."

Kwa hiyo nakuuliza. Nafasi kwenye kikosi amepewa mwingine, akiba imekwisha, hayo yote nayaweka pembeni. Nataka neno moja. Niambie hukuona. Niambie kulikuwa na giza, jua lilikupiga machoni, ulichoka, chochote. Sema tu "sikuona, mama," nami nitakuamini, na nitamwambia kila mtu afunge mdomo.

Mwanao


11 Machi

Mama,

Niliona.

Rangi niliiona, ningeikosaje? Taa niliiona. Mshono niliuona nilipokuwa chini. Kinyozi akanipa cha juu changu nami nikakipokea, kwa sababu mwalimu wa chaki halipwi kama mwalimu wa barabarani, na nilidhani mafundi wa huko kwenu wangeligundua mapema na kulirekebisha. Nilikosea hesabu.

Mpe kijana pole zangu. Akizikataa yuko sahihi.

Usije huku. Najua wewe ukikasirika hupenda kuja ukasirike ana kwa ana. Hakuna cha kuja kutazama. Baki na kazi yako, kikosi kingine kitaundwa. Mtafute mtu mwingine wa kukutazamia gari, na huyo mtu umlipe vizuri kuliko atakavyolipwa na muuzaji.

Baba yako


2 Aprili

Mwanangu,

Kaa chini kwanza. Mimi shangazi yako nilitoa ahadi, na leo naivunja, na siku nitakapomfuata mama yako kaburini nitajieleza kwake mwenyewe.

Baba yako haoni. Tundu dogo la katikati ndilo limebaki, kwingine kote ni giza. Kazini hakupandishwa cheo chochote, alirudisha funguo mwenyewe kwa kuogopa kuua mtu. Hilo gari alilitazama kipande kwa kipande, kila kipande ukubwa wa kiganja, ndiyo maana hakujua kama lina rangi mbili. Hakupokea hata senti. Amekuandikia kwamba ni mwizi kwa sababu anaona mwizi hauguzwi. Mwizi anaachwa.

Nilimwambia ni upumbavu, akanijibu kwa mzaha, unamjua. Nenda kamwone. Simama pembeni yake usiseme kitu, utajua mwenyewe.

Shangazi yako


9 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi, maana nilitaka sana iwe kweli.

Nimeziweka barua zake mbele yangu. Mistari yake imenyooka kuliko yangu. Herufi hazigusani. Anayeandika hivi ndiye haoni? Alinieleza hadi rangi kuwa ni ya kiwandani. Alinieleza alivyolala chini na vyuma alivyovikuta. Nilimfungulia mlango, Shangazi. Nilimwandikia, sema hukuona nami nitakuamini. Neno moja tu. Kama ni kweli, si lingekuwa jepesi kuliko yote kinywani mwake? Akajibu "niliona." Sasa, baada ya kutafakari, amekutuma wewe urudi ukaubishe uleule mlango.

Sikulaumu, ni kaka yako. Lakini mwambie hivi: angejifanya lolote, nisingeumia kiasi hiki. Angesema alitishwa. Angesema alilewa. Mgonjwa? Mbele yangu mimi? Mimi ninayejua mgonjwa anavyolala, anavyokataa maji, anavyosema hajambo ili usiamke tena usiku ule? Anajua fika hapo ndipo panaponivuta, ndiyo maana kapagusa.

Mchumba wangu bega limeunga vibaya. Kampuni inapeleka mafundi kufunga lifti nje ya nchi, mkataba mrefu, na niliposikia nilikuwa wa kwanza kuinua mkono. Tunaondoka wote wawili mwisho wa mwezi. Anwani sitaiacha kwa sasa. Nitakuandikia wewe, siku moja, na wewe usimsomee.

Mtoto wa kaka yako


3 Juni

Dada,

Shikamoo. Barua yake uliyonitumia nimeipata. Umefanya vizuri kunitumia, na umefanya vibaya kuvunja ahadi, tuyaache hayo mawili yamalizane yenyewe. Umeona lakini anavyoandika? "Urudi ukaubishe uleule mlango." Huyo alipaswa kuwa wakili, siyo kupanda juu ya lifti na bisibisi mdomoni.

Umeniuliza kwa nini sikuandika lile neno aliloniomba. Nililiandika. Kwenye karatasi ya kwanza niliandika "sikuona, mama," nikaiangalia. Alikuwa hajauliza swali la pili, lakini lingekuja: hukuona kwa nini? Angelishikilia mpaka alipate, na akishalipata angekuja na sanduku lake. Nikachukua karatasi nyingine. Kwa hiyo usinionee huruma sana, nilichotaka nimekipata. Ameondoka, yuko mbali, ana kazi, mwanamume yule hakumwacha. Hayo ndiyo niliyokuwa nayaombea. Sikuyaombea kwa sura hii, lakini nani aliniuliza sura.

Kinyozi bado yupo. Juzi nilipita, nikasikia anamweleza mteja kwamba "mwalimu Breki anajua magari, muulizeni." Nilisimama nikitaka kumwambia kitu, kisha nikaona kwamba yeye na mimi ndio watu wawili pekee duniani tunaosimulia hadithi moja. Nikaendelea na safari, nikagonga ubao wake wa bei kwa goti.

Tundu limekuwa dogo zaidi. Kusoma bado, ila sasa nasoma neno moja moja kama mtu anayechambua mchele. Darasani nimeaga. Nimefurahi kwamba utakuja na cherehani yako ukae. Chumba cha mbele kina mwanga, kwa wanaouhitaji. Ila nakuomba, ukifika usiingie kimyakimya kama ulivyozoea. Sema ukiwa bado nje.

Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa sebuleni, mlango wazi. Nikahisi kuna mtu ameingia, amesimama kushoto kwangu, hasemi. Nikasikia harufu ya grisi, ile inayokaa kwenye nguo za mafundi haifuliki ikatoka. Nikakumbuka ulichoniambia ulimwandikia, asimame pembeni yangu asiseme kitu. Sikugeuka, dada. Niliogopa nikigeuka nitamtafuta kwa macho naye ataona. Nilitengeneza uso nikasema, "Karibu, mama. Umenikuta mzima."

Halafu sauti ya mwanamume ikasema, kwa upole sana, kwamba samahani mzee, yeye amekuja kusoma mita.

Nikamwonyesha ilipo.

Mdogo wako